Nyuma ya Ubao wa Mchagoni

Kabla mgeni hajafika, binti alitoa beseni chini ya kitanda cha mama yake, akalifunika kwa gazeti na kulipitisha mlango wa nyuma. Alirudi na kitambaa chenye sabuni, akafuta sakafu mara mbili, akafungua madirisha yote. Harufu ya dawa ya kuchua haikutoka. Hii ilikuwa wiki ya sita mama amelala chali, nyonga imevunjika, na chumba kilikuwa kimeizoea harufu hiyo.

"Atalala chini ya kitanda kweli?" mama aliuliza.

"Amesema lazima aone kwa chini."

"Mtoto wa watu, tena msomi, alale mahali pa mkojo wangu."

"Nimeshafuta, mama."

"Futa tena."

Kaka yake, fundi seremala, alikuwa amesimama mlangoni na vumbi la mbao kwenye nyusi. Hakuingia wala hakuondoka.

"Bado naona tumeharakisha," alisema. "Kitanda cha familia hakiuzwi kama kuku."

"Hebu rudia," dada yake alisema bila kuinua kichwa. "Tumeharakisha?"

"Nasema tungetafuta njia nyingine."

"Daktari amesema akipasuliwa mwezi huu atatembea kwa fimbo. Akicheleweshwa, ndiyo basi. Hospitali inataka nusu ya gharama kabla ya kumpokea. Mimi nimekopa kazini mpaka karani wa mikopo akiniona anageuza njia. Wewe una njia gani, kaka? Itoe tuione."

Fundi hakuwa na njia. Alikuwa na hofu tu, na hofu hiyo hakuweza kuitoa mbele ya mtu.

Kitanda chenyewe kilijaza nusu ya chumba. Kilikuwa na matendegu manne mazito kama mapaja ya mtu mzima, mifumbati miwili mirefu ya ubavuni iliyochongwa mizabibu, na upande wa mchagoni, panapolazwa kichwa, ubao mpana wenye maua kumi na mawili. Mnunuzi mmoja wa vitu vya kale alikuwa ameona picha yake kwenye simu ya binti, akataja bei iliyomfanya binti aketi chini. Sharti lake lilikuwa moja: mkaguzi wake athibitishe kwamba kitanda ni cha zamani, chote.

*

Mkaguzi alifika saa nne kamili. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, amevaa suruali yenye mifuko mingi. Hakuangalia kitanda kwanza. Alimwendea mgonjwa, akainama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Ndiye wewe unayejua umri wa mbao?"

"Najaribu, mama."

"Basi ukimaliza kitanda unikague na mimi. Aliyeandika mwaka wangu wa kuzaliwa alikuwa na haraka ya kwenda kula."

Mkaguzi alicheka, na binti akacheka kidogo kupita kiasi. Kisha mgeni akavua viatu, akatandika turubai, akalala chali na kujisukuma chini ya kitanda kama fundi wa magari. Ikabaki miguu yake nje. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu penye kidole gumba. Binti aliliona tundu lile, akapumua kwa nafuu.

"Fundi," sauti ilitoka chini, "naomba unishikie tochi. Usinimulikie usoni. Ilaze kando ya mbao, mwanga utambae."

Fundi alipiga magoti. Hakuhitaji kuelezwa. Mwanga wa mbele hufuta alama za chombo. Mwanga wa ubavuni huzifufua, kila kovu likaonyesha kivuli chake. Hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyokagua kazi zake tangu ujana. Aliilaza tochi.

"Mfumbati huu umepasuliwa kwa msumeno wa mkono," mkaguzi alisema, na fundi akasikia penseli ikikwaruza karatasi. "Mistari imenyooka lakini haifanani. Mtu alichoka, akapumzika, akarudi na pembe nyingine. Mashine ingeacha mikunjo kama ya mwezi mchanga, yote sawa sawa. Na hapa ndani ametumia tezo, kishoka cha kuchongea. Imeruka, imeng'oa nyuzi, naye akaendelea tu. Hakujali kabisa. Safi sana."

"Kutojali ndiyo usafi?" binti aliuliza.

"Kwangu mimi, ndiyo. Nani ajisumbue kusawazisha mahali ambapo hakuna atakayepaona?"

Akahamia kwenye matendegu, moja baada ya jingine. Alipotoka chini ya kitanda, nywele zake zilikuwa na utando wa buibui. "Mifumbati na matendegu ni zaidi ya miaka mia. Hilo naliandika bila kutetemeka. Sasa ubao wa mchagoni. Nitahitaji kuuona kwa nyuma."

Ubao ulikuwa umeegemea ukuta. Usingepitisha hata kisu.

"Haiwezekani," fundi alisema upesi. "Mgonjwa hatakiwi kutikiswa. Daktari alikataza."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na ndiyo maana yalimtoka kwa urahisi.

"Siwezi kuandika nisichokiona," mkaguzi alisema kwa upole. "Naweza kurudi mkishamhamisha."

"Tumhamishie wapi?" binti aliuliza. "Hiki ndicho kitanda chenyewe."

Wote watatu wakatazamana juu ya mwili wa mama kama watu wanaobishana kando ya mzigo. Mama ndiye aliyekata shauri.

"Nisogezeni."

"Mama, utaumia," fundi alisema.

"Naumia hata mkiniacha. Nisogezeni."

Walikivuta kitanda naye akiwa juu yake. Fundi alishika upande mmoja, binti na mkaguzi upande mwingine. Kilisogea kwa mikwaruzo mifupi, na kwa kila mkwaruzo mama aliuma pindo la shuka. Hakupiga kelele. Mara moja tu alitoa sauti nyembamba puani, na jasho likamkusanyika juu ya mdomo. Walipofikia mwanya wa kupitisha mtu, binti alimfuta uso, akamgeukia kaka yake kwa macho makali, kana kwamba yeye ndiye aliyeujenga ukuta.

*

Miaka kumi na minane nyuma, mama alikuwa amekwenda kumwuguza dada yake kwa mwezi mzima. Fundi alikuwa kijana, baba amekufa, karakana haina hata mashine moja. Mfanyabiashara alimwambia ubao ule peke yake ungemnunulia msumeno wa umeme na randa ya umeme. Akauuza. Akatafuta ubao mkongwe kutoka kwenye mlango wa nyumba iliyobomolewa, akashika patasi na tezo za baba yake, akachonga mwingine mfano wake. Aliupaka moshi, mafuta na majani ya chai. Sehemu ya mbele ilimchukua siku sita. Sehemu ya nyuma ilimchukua siku tisa, kwa kuwa aliamini mama akishuku chochote, atachungulia nyuma.

Mama hakuchungulia. Alirudi, akalala. Mashine zililisha nyumba na kumsomesha binti. Fundi hakumwambia mtu, wala mke wake, ambaye asubuhi hiyo ya ukaguzi alikuwa sokoni akiuza mboga na kuomba kitanda kikubaliwe.

Sasa alikuwa amebanwa kati ya ukuta na kazi yake mwenyewe, tochi mkononi, bega kwa bega na mkaguzi.

"Ilaze, fundi."

Aliilaza nusu. Kisha, polepole, kiwiko chake kikainuka. Mwanga ukauelekea ubao moja kwa moja, na alama zote zikazama, ikabaki rangi ya kahawia iliyo sawa.

"Mkono umechoka?" mkaguzi aliuliza.

"Kidogo."

"Nipe niishike mwenyewe."

"Hapana, hapana. Naweza."

"Basi ilaze."

Hakukuwa na namna. Alishusha mkono, na makovu yote yakainuka kutoka kwenye ubao, safu kwa safu. Mkaguzi alipitisha kidole. Akachukua lenzi. Akarudi juu, akashuka tena. Penseli yake haikugusa karatasi. Nje, mtu alikuwa akigonga bati kwa nyundo, na fundi akajikuta anahesabu mapigo.

"Vipi?" binti aliuliza kutoka upande wa pili. "Mbona kimya?"

Mkaguzi alijibu kwa sauti ndogo, kana kwamba ubao ndio uliomwuliza. "Aliyefanya hapa alikuwa anaogopa."

"Nani?"

"Sijui. Tazama. Kila pigo la tezo limekaa kando ya jingine kama magamba ya samaki. Hakuna lililoruka. Hakuna nyuzi zilizong'oka. Mbele yake ni kazi nzuri, lakini nyuma ni nzuri kuliko mbele. Hakuna mtu anayeupambia ukuta hivi, isipokuwa anatarajia siku moja kukaguliwa." Akakunja lenzi yake. "Huu si mkono uliochonga mifumbati. Huu umekuja baadaye."

Fundi aliitazama tochi. Katika hofu yake yote, alihisi pia jambo la aibu: hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kuisifu kazi ile.

*

Walikaa kwenye viti vya plastiki kandokando ya kitanda. Mkaguzi aliweka fomu juu ya magoti.

"Niseme wazi. Ubao ukiwa ni wa kuigiza, mnunuzi atachukua matendegu na mifumbati tu. Hiyo ni chini ya nusu ya bei. Lakini vitanda vya zamani hufanyiwa matengenezo. Ubao huoza, mwenye nyumba akachonga mwingine. Matengenezo ya zamani ndani ya familia hayaharibu kitu, mnunuzi atachukua kitanda chote."

"Baba alikuwa seremala!" binti alidakia. "Amefariki miaka thelathini iliyopita. Lazima ni yeye. Si ndiyo, kaka? Vyombo si ni vyake?"

"Vyombo ni vyake," fundi alisema.

"Hapo ndipo alama zinaponiacha," mkaguzi alisema. "Zinaniambia chombo, zinaniambia haraka au woga. Mwaka haziniambii. Patasi ile ile ingeweza kutumika jana. Ninahitaji mtu aliyeshuhudia, aseme, atie sahihi. Mimi nitaandika ninachoambiwa, na jina la aliyeniambia."

Macho ya binti yalikuwa kwa kaka yake. Yalikuwa yanang'aa, yanaomba. Neno moja tu lilitakiwa, na marehemu asingelikana. Fundi alifungua mdomo.

"Ni mume wangu," mama alisema.

Wote wakamgeukia. Alikuwa akitazama dari.

"Ubao wa kwanza uliingia mchwa. Akachonga huo. Nilikuwepo, nilimshikia taa. Kila akinong'ona 'sogeza' nasogeza." Sauti yake haikuyumba hata chembe. "Leteni hiyo karatasi. Sijui kuandika vizuri, nitaweka dole."

Fundi alielewa. Mama hakuwa amekosea, wala hakuwa amechanganyikiwa na dawa. Alikuwa anadanganya, kwa utaratibu, neno kwa neno, na mtu hawezi kudanganya hivyo kwa ajili ya jambo asilolijua.

Mkaguzi aliandika. Binti tayari alikuwa ameshika kidau cha wino cha mkaguzi, amekifungua, amekiminya kidole gumba cha mama yake juu yake. Kidole kikainuka cheusi. Mkaguzi aliisogeza fomu kwenye ubao wake wa kuandikia.

"Hapa, mama. Unathibitisha kwamba uliyosema ni kweli."

Fundi aliudaka mkono hewani.

"Mama, usiweke."

"Niachie mkono."

"Usiweke. Niliuchonga mimi."

Mama ndiye aliyejibu, na hakujibu kwa machozi.

"Mpumbavu wewe! Nilikuwa nimeshamaliza!"

"Mama..."

"Nimekubeba miaka yote hiyo, imebaki dole moja tu! Leo ndiyo unataka kusafisha moyo? Unausafisha kwa mguu wangu!"

Fundi alikuwa bado ameushika mkono ule, wino umempaka kiganja. Alikuwa amedhani, katika ile nusu dakika, kwamba anamwokoa mama yake asiape uongo. Sasa hakuwa na hakika alikuwa anamwokoa nani.

"Uliuchonga lini?" dada yake aliuliza. Sauti ilikuwa ya chini sana.

"Mama alipokwenda kwa mama mdogo."

"Na wa kwanza uko wapi?"

"Niliuuza. Nikanunua mashine."

Binti alikifunika kidau cha wino. Alizungusha kifuniko mpaka mwisho, akaendelea kuzungusha.

"Kwa hiyo mwezi mzima huu," alisema, "ninapanga foleni kwa wakopeshaji, namwita mnunuzi, nafuta mkojo sakafuni ili mgeni alale, na wewe unajua. Ulisimama hapo mlangoni ukaniambia kitanda cha familia hakiuzwi kama kuku."

"Nilitaka kusema."

"Ulitaka. Haya."

Mkaguzi alikuwa amesimama. Alichana fomu vipande vinne, akavitia mfukoni badala ya kuviacha. "Samahanini," alisema. "Nitampigia mnunuzi." Akatoka uani, na kupitia dirishani wakamwona akizunguka kwenye kamba ya nguo, simu sikioni, akiongea zaidi kuliko alivyokuwa akisikiliza.

*

Aliporudi, alimweleza mama, si watoto. Mnunuzi angechukua matendegu na mifumbati. Alikuwa amepandisha kidogo, kwa kuwa mkaguzi alimwambia hajaona mifumbati safi kama ile. Vijana wake wangekuja na gari saa tisa, na fedha mkononi. Ubao wa mchagoni ungebaki.

"Inafika nusu ya hospitali?" mama aliuliza.

"Haifiki, mama. Inakaribia."

"Asante, mwanangu. Umefanya kazi yako. Mimi hukunikagua."

"Wewe ni halisi, mama," mkaguzi alisema. Akamshika tena mkono, ule usio na wino, akavaa viatu vyake, akaondoka.

Binti alikwenda kutandika godoro sakafuni chumba cha pili. Fundi alileta bisibisi na nyundo ya mbao, akaanza kulegeza hesi za mifumbati upande wa miguuni. Alifanya kazi kwa kuinama, ili asitazamane na mama. Lakini mama hakumwacha.

"Ua la tatu kutoka kushoto," alisema. "Lilikuwa na petali saba."

Fundi aliinua kichwa.

"Mengine yote nane, hilo saba. Aliyechonga alikosea hesabu. Nilipokuwa na mimba yako nilikuwa silali, nayahesabu kwa kidole. Niliporudi kutoka kwa mdogo wangu, nikalikuta lina nane."

Alikumbuka. Aliliona kosa lile kwenye ubao wa kwanza, akalisahihisha. Alikuwa kijana, alitaka kazi iwe bila dosari.

"Mbona hukusema, mama?"

"Niseme nini? Dada yako alikuwa amepata viatu vya shule. Nikasema, atasema mwenyewe. Nikangoja." Akafunga macho. "Sikujua utaichagua siku ya leo."

Bisibisi iliteleza kwenye hesi. Akairudisha mahali pake.

"Nitauza mashine," alisema. "Msumeno na randa. Yule wa karakana ya jirani alishaniuliza. Tutafika nusu, na zaidi."

"Utafanyia nini kazi?"

"Nina vyombo vya baba."

"Utapata nini kwa tezo siku hizi?"

"Sijui, mama."

Dada yake alikuwa amerudi na kusimama mlangoni, pale pale alipokuwa amesimama yeye asubuhi. Alikuwa amesikia.

"Usitamke kama unatoa zawadi," alisema. "Mashine zinaondoka leo kwa sababu hazikuwa zako. Nitakwenda mwenyewe kwa huyo jirani, nisikie bei kwa masikio yangu."

"Sawa."

"Na ukifika hospitali, wewe ndiye utakayelala kwenye benchi. Sio mimi. Siku zote."

"Sawa."

"Acha kuniambia sawa!"

"Mtagombana nikishashuka," mama alisema, macho bado amefumba. "Hapa juu pana baridi ya maneno yenu."

Gari likasikika likirudi nyuma barabarani, vijana wakielekezana. Binti aliingia, akakunja ncha za shuka chini ya mgongo wa mama yake, akazisokota mara mbili ili zisiteleze. Fundi akashika ncha za upande wake. Walikuwa karibu sana, vichwa vyao vikikaribia kugusana juu ya kifua cha mgonjwa, na aliona kwamba macho ya dada yake yalikuwa makavu kabisa.

"Kaka."

"Naam."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Basi inua upande wako."

Akainua.